Injini Lazima Ipoe

Mume wa mshona viti alijulikana mtaani kwa jina la Taratibu, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kutembea nyumba kwa nyumba akiinama na kufuta vumbi kwenye vioo vya mita kwa kitambaa chake mwenyewe, na hata kikombe cha chai alikinyanyua kana kwamba kimelala na hataki kukiamsha. Gari lake lilifanana naye. Lilikuwa gari dogo jeupe la milango minne, la kawaida kabisa, aina ambayo ukiliegesha sokoni utazunguka ukilitafuta kwa sababu kila mtu analo kama hilo. Lilikwenda, likarudi, na kwa miaka yote halikuwahi kumwacha njiani.

Tatizo lilikuwa kilima. Kuingia mtaani kwao lazima upande mlima mrefu, na gari likiwa na watu watatu na marobota ya sponji lilikuwa likipanda huku linaomba radhi. Jumapili moja, yeye, mkewe na binti yao wakiwa njiani kurudi nyumbani, wakapitwa na lori la matofali. Hilo si kitu, malori hupita watu. Lakini nyuma ya lori alikuwa amejishikiza mtu wa baiskeli, mkono mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye usukani wake, naye alipofika usawa wa dirisha lao akawaangalia kwa huruma na kuwapa pole ya safari. Binti alicheka hadi akaangukia sponji. Mshona viti, ambaye Mungu hakumnyima mdomo, akasema, "Mume wangu, kufika tutafika, lakini tutafika wazee."

Hakusema kwa ubaya. Watu walioishi pamoja muda mrefu hutaniana bila kufikiri, na mumewe naye alicheka. Ila wiki iliyofuata gari halikuonekana kwa siku kadhaa, na liliporudi lilipanda ule mlima likipiga mluzi.

Turbo ilifungwa na mdogo wake Taratibu, fundi makanika ambaye gereji yake ilipakana na banda la mshona viti. Shemeji huyu hakuwa mtu wa kuficha la moyoni, na alimweleza kaka yake mbele ya kila mtu. "Kaka, gari hili limezaliwa kupumua lenyewe. Turbo ni feni. Inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, halafu inaisukumia injini hewa hata kama haijaomba. Nguvu utaipata. Lakini vyuma ni vilevile vya gari la kwenda sokoni." Akampa masharti. Oili iwe nzuri na ibadilishwe mapema. Asikanyage mafuta kabla injini haijapata joto. Na kubwa kuliko yote, akifika asizime hapo hapo, kwa sababu feni ile huzunguka kwa kasi ya kutisha na kinachoipoza ni oili inayopita ndani yake. Ukizima ghafla oili husimama, huungulia humo humo ikawa masizi, na turbo hufa kabla ya siku zake. "Ukifika, liache liungurume. Kaa nalo kidogo. Likipumua, ndipo uzime."

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa adhabu. Taratibu aliipokea kama mtu aliyeruhusiwa kupumzika.

Tangu hapo jioni zao zikabadilika. Nyumba yao ilikuwa kwenye kichochoro chembamba, na gari lilikuwa likiegeshwa ng'ambo, kando ya ukuta wa jirani, ubavu wake ukitazamana na dirisha la jikoni. Mshona viti alikuwa akisikia mluzi mlimani, kisha matairi kwenye changarawe, kisha ule muungurumo. Chakula kiko jikoni, sahani ziko mezani, mume yuko ng'ambo tu ya dirisha, na haingii.

Mwanzoni alimtania. Baadaye akauliza. "Injini lazima ipoe," mumewe alijibu kwa upole wake uleule. Akauliza tena siku nyingine, sauti imepanda kidogo, na jibu likawa lilelile. Alijaribu kuchungulia, lakini ukiwa ndani kwenye taa huoni chochote gizani ila sura yako mwenyewe kwenye kioo. Basi shaka ikamwingia kidogokidogo. Mbona anakaa kuliko injini inavyohitaji? Anaongea na nani kwenye simu? Au haongei na mtu, ila tu nyumba imemchosha? Mwishowe damu ikamchemka, akamfuata shemeji yake gerejini akamwambia atafute dawa, kwa sababu yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na bomba la moshi.

Dawa ilikuwepo, na iliitwa taima. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa chini ya usukani. Ukichomoa ufunguo injini haizimi, huendelea kuunguruma yenyewe bila mtu mpaka ipoe, kisha hujizima. "Sasa mumeo hana kisingizio," shemeji alisema akicheka, wala hakujua amesema nini.

Siku za kwanza Taratibu aliingia ndani moja kwa moja, gari likibaki nje likijiungurumia. Kisha, bila neno, akaanza tena kukaa. Ufunguo ameshauchomoa, taima inafanya kazi yake, naye yumo. Hapo mshona viti hakuuliza tena, maana sasa aliogopa jibu. Alichukua kitambaa kizito cha viti kilichobaki kazini akashona pazia la dirisha la jikoni, lenye bitana kwa ndani, na kila jioni akisikia ule muungurumo akawa analivuta, shaa. Haukupita muda mumewe alikuwa akiingia. Akajiambia kumbe dawa yenyewe ni hiyo.

Jioni ya mwisho haikuwa na tofauti. Mluzi, changarawe, muungurumo. Akavuta pazia. Injini ikaunguruma mpaka mwisho wake, ikajizima. Akapakua. Akakaa mbele ya chakula amenuna, akijiambia haendi kumwita mtu mzima kama mtoto, mpaka binti akainuka kwenda kumwita baba yake. Alirudi akasimama mlangoni. "Mama," alisema, "Baba amelala kwenye gari na haamki." Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa marehemu. Daktari alisema ni moyo. Alipoulizwa kama ulisimama ghafla au ulihangaika kwanza, alisema hilo hakuna awezaye kulijua, akawapa pole.

Siku ya msiba watu walijaa mpaka kichochoroni, na jirani mmoja mwenye nia njema akaona alisogeze gari ili viti vipate nafasi. Akalisogeza, akachomoa ufunguo, akashuka. Gari likaendelea kuunguruma. Jirani akautazama ufunguo mkononi mwake, akalitazama gari, akauweka ufunguo chini kwa heshima zote, akatokomea. Mzee mmoja ambaye siku zote alihitaji kushikwa mkono kupanda ngazi alionekana upande wa pili wa ukuta, na hadi leo hajaeleza alifikaje huko. Ikabidi shemeji asimame katikati ya watu, macho yamemvimba kwa kulia, awaeleze habari za taima. Watu waliitikia kwa adabu, lakini hakuna aliyerudi karibu na gari. Mshona viti alikuwa ndani, amekaa sakafuni. Aliusikia ule muungurumo tangu mwanzo mpaka ulipokatika, na mwili wake, kabla akili haijauwahi, ukainuka kwenda kupakua chakula.

"Kitoe kile kisanduku," alimwambia shemeji yake siku hiyohiyo.

Shemeji alikitoa, akaunga nyaya kama zilivyokuwa zamani, akamkabidhi. "Lakini turbo bado ipo," alimwonya. "Ukifika nyumbani ukae kidogo kabla ya kuzima."

"Mimi nikae mle? Labda mnibebe."

Akakitupa kisanduku kwenye droo ya vijiko, akaifunga.

Angeweza kuliuza gari hapo hapo, lakini kazi yake ilikuwa ya kubeba. Viti vya magari ya watu na marobota ya sponji havibebeki kichwani. Akawa analiendesha mwenyewe. Alipanda mlima, turbo ikapiga mluzi wake, akafika, akazima hapo hapo, akashuka na kubamiza mlango. Mgongo wake haukugusa kile kiti hata mara moja. Aliendesha amejiinamia mbele, kifua karibu na usukani, kwa sababu sponji ilikuwa na shimo la mtu mwingine na hakutaka kuingia humo.

Na jioni ilipoingia, akiwa jikoni, injini ilikuwa ikiunguruma nje.

Haikuwa kila siku. Ingekuwa kila siku pengine angezoea. Mara ya kwanza alidhani ni gari la jirani. Akafungua mlango, akavuka kichochoro. Gari lilikuwa limetulia, boneti ya baridi, na ufunguo ulikuwa ndani, umetundikwa kwenye msumari wake. Akarudi jikoni na kulivuta pazia ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Jioni nyingine alimwona binti yake, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake katika duka la dawa, akiacha kukata kitunguu, kisu kimesimama hewani na kichwa kimeelekea dirishani. Wote wawili walisubiri mpaka sauti ikakatika. Kisha binti akaendelea kukata.

Mshona viti hakuwa mwoga wa wafu. Alichoogopa ni lile swali, na sasa lilikuwa likija na kuegesha mlangoni kwake. Yule mtu alikuwa akikaa mle kwa nini? Kama alikuwa amemchoka, alimchoka lini? Mke aliyechokwa na mume aliye hai anaweza kugombana, akalia, akatengeneza kilichoharibika. Aliyechokwa na marehemu atamlalamikia nani? Usiku alilala chali akitafuta siku ambayo mambo yalianza kuharibika, na kila mara aliishia kwenye lile lori la matofali na mdomo wake mwenyewe.

Gari nalo likaanza kuugua. Lilitoa moshi wa bluu likipanda, na mluzi ukabadilika, ukawa kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Siku moja shemeji alilisikia likiingia, akatoka gerejini bila kuitwa. Aliinua boneti, akaingiza mkono, akatikisa kitu, akanyamaza. Shemeji kunyamaza ilikuwa habari mbaya tosha.

"Shemeji, ukifika nyumbani unalizimaje gari hili?"

"Nazungusha ufunguo. Kuna namna nyingine?"

"Na kukaa kidogo, kama nilivyokuambia?"

"Sikai."

Shemeji akafuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Oili imeungua humo ndani. Chuma cha katikati cha turbo kinacheza. Niseme ukweli? Watu hudhani gari la kawaida likifungwa turbo halidumu. Linadumu, ila linataka mtu mwenye subira. Kaka angekaa nalo mpaka lioze bodi. Wewe unaliua."

"Basi ng'oa hiyo turbo. Lirudishe lilivyozaliwa, tuliuze."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri mpaka nimechoka kufikiri."

Wakakubaliana gari lilale gerejini siku kadhaa. Viti vya mbele vifunguliwe vipelekwe bandani, avishone upya, maana hakuna anayenunua gari lenye kiti kilichobonyea. Binti aliambiwa asubuhi ileile kwamba gari halitarudi, na alisema tu, "Afadhali, Mama."

Mshona viti alianza na kiti cha dereva ili akimalize aondokane nacho. Alikata nyuzi alizozishona mwenyewe, akavua kava, na chini yake akakuta sponji imegeuka rangi kutoka njano hadi kahawia. Akaanza kuipapasa kama alivyopapasa viti vya watu wengine, na vidole vyake vikaanza kusoma bila kumwomba ruhusa.

Mshona viti anaweza kumjua mtu kwa kiti chake kabla hajamwona. Kiti cha dereva wa lori hubonyea katikati, sawasawa. Mwenye maumivu ya kiuno hula ukingo mmoja. Wabaya zaidi ni madereva wa teksi wapenda soga, kwa sababu hukaa wamegeukia abiria, bega limeegemea pembe ya mlango na goti limeelekea kwenye gia, na kiti kizuri kabisa huwaishia upande. Kiti cha mumewe kilikuwa kimeisha hivyo hivyo. Kwenye pembe ya mlango, usawa wa bega, palikuwa na shimo la kuingia kiganja. Karibu na gia, kava lilikuwa limelika kwa kusuguliwa na goti. Hilo halikuwa shimo la mtu anayeendesha. Lilikuwa shimo la mtu aliyekaa amegeuka, jioni baada ya jioni.

Basi alikuwa na abiria.

Jioni zote zile, mbele ya dirisha lake mwenyewe, mumewe alikuwa amegeukia mtu aliyekaa kiti cha pili. Akacheka peke yake bandani, kicheko kikavu, kwa sababu hakuna mtu mtaani ambaye angeamini hilo juu ya Taratibu. Kisha akakivuta kiti cha abiria akaanza kukifungua kwa pupa, akizirarua nyuzi badala ya kuzikata. Alitaka kuona umbo la huyo mtu. Mnene au mwembamba, mfupi au mrefu, mkono wake ungemwambia.

Sponji ilikuwa mpya. Ilikuwa bado na alama ya chaki yake, na alipoibonyeza kwa ngumi ikarudi juu mara moja. Kile kilikuwa kiti chake yeye, cha safari za Jumapili, na hakuna mwingine aliyekikalia muda wa kutosha kuacha hata kivuli.

Akabaki amepiga magoti kati ya viti viwili vilivyo uchi. Kama hapakuwa na mtu, mumewe alikuwa amegeukia nini? Akavipanga viti sambamba kama vinavyokaa garini. Akasita. Kisha akakaa kwenye kile cha dereva, akaweka bega kwenye shimo na goti pale palipolika. Uso wake ukageuka wenyewe. Macho yakapita juu ya kiti cha abiria yakaenda kugonga ukuta wa banda, ukuta mtupu. Lakini gari likiwa mahali pake, kule kichochoroni, pale hapakuwa na ukuta.

Alimkuta shemeji yake amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje.

"Umeshaing'oa?"

"Ndiyo kwanza nalegeza."

"Kaza. Nalichukua leo."

Shemeji alijivuta nje, uso umejaa oili. "Shemeji, turbo hii hata uibembeleze vipi haimalizi mwezi."

"Sihitaji mwezi."

Shemeji alikuwa na utani mdomoni, ila alipomwangalia usoni akaumeza, akarudi chini kukaza. Mshona viti alirudi bandani kuvifunga viti. Hakubadilisha sponji. Alishona kava juu ya mashimo yaleyale, kwa uzi mpya, kwa haraka mpaka akajichoma sindano.

Jua lilikuwa limeshazama alipopanda mlima. Alipanda polepole, na turbo ikaita kwa ile sauti yake mbovu mpaka juu. Akaegesha kando ya ukuta wa jirani. Hakuzima. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliegemea nyuma, akajiachia, na lile shimo likampokea bega kama lilikuwa linamsubiri.

Pazia lilikuwa wazi na taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Kutoka pale gizani uliona kila kitu. Uliona meza na kitambaa chake, kalenda ukutani, mvuke ukipanda. Binti alikuwa akionja chakula kwenye kiganja na kutikisa kichwa, akibishana na redio. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, na mbele ya jiko palikuwa katikati kabisa ya dirisha. Hapo ndipo alipokuwa akisimama yeye. Hapo ndipo mumewe alipokuwa akitazama. Alikuwa akimtazama mkewe akiimba vibaya, akigombana na kifuniko cha sufuria, akijipangusa jasho kwa kiwiko, mwanamke ambaye hajui kama anatazamwa. Taratibu alifanya kila kitu polepole, na hata kumpenda alimpenda hivyo. Alikaa mpaka injini ipoe, na injini ilipopoa akakaa tena kidogo. Nyumba haikuwa imemchosha. Mshona viti aliweka mkono mdomoni, na furaha ikampanda kifuani, furaha kabisa, kama ya msichana aliyesikia mtu ameuliza habari zake.

Ndipo binti akausikia muungurumo.

Aliacha kijiko. Kwa jinsi alivyojua, gari lilikuwa gerejini, halina hata viti. Uso wake ukakaza. Akaja dirishani, akatazama gizani moja kwa moja machoni mwa mama yake bila kumwona, kisha akanyoosha mkono akavuta pazia, shaa, kama alivyomwona mama yake akifanya.

Dirisha likazimika. Kilichobaki mbele ya macho kilikuwa kitambaa cha viti, kizito, chenye bitana ndani, na mshono wake mwenyewe ulionyooka.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo maana alikuwa akiingia upesi baada ya pazia kuvutwa. Hapakuwa tena na kitu cha kumweka nje. Na jioni ya mwisho, kama moyo ulisimama ghafla au ulihangaika kwanza, daktari hakujua na yeye hatajua kamwe. Lakini alichokuwa akikitazama mumewe wakati huo, sasa anakijua. Alikuwa akitazama hili pazia. Mshona viti alilia pale garini kwa sauti, akipiga usukani kwa kiganja, na injini ikaunguruma chini yake bila kubadilika.

Aliposhuka hakuzima. Aliufunga mlango taratibu, akavuka kichochoro, akaingia ndani. Binti alikuwa amejibana ukutani, mwiko mkononi.

"Mama? Gari si liko..."

"Ni mimi. Nimekuja nalo."

Akapita. Akalishika pazia kwa mikono miwili na kulivuta kwa uzito wake wote, fimbo ikang'oka na misumari yake, vumbi la ukuta likamwagikia kwenye sufuria. Siku nyingine angemfukuza mtu jikoni kwa kosa dogo kuliko hilo. Akalisukuma pazia kando kwa mguu. Akauchukua mwiko kutoka mkononi mwa binti yake, akasimama mbele ya jiko, mahali pake, chini ya taa, akaanza kukoroga chakula ambacho kilikuwa kimeshaiva. Kwenye kioo hakuona kitu ila sura yake iliyovimba kwa machozi. Hakujali. Akajaribu kuimba. Akakosea maneno, akaanza tena.

Nje injini iliunguruma muda wake wote, mpaka mwisho. Kisha ikajizima.

Mwiko ukasimama.

"Mama, umemwacha nani kwenye gari?"

"Sijamwacha mtu."

"Na ufunguo?"

"Uko garini."

Binti aliivuta droo ya vijiko polepole. Kisanduku cha taima kilikuwa palepale kilipotupwa, nyaya zake zimezungushiwa mpira. Hakukigusa. Kichochoroni mlango wa gari ulifunguka, kisha ukafungwa, taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiye na haraka.

"Pakua, mwanangu," mama yake alisema, bila kuondoa macho dirishani. "Na cha baba yako."